Pamba Ndani ya Viatu

8 Juni

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeondoka chenyewe bila kuaga. Sijui kama simu yako umeshaiopoa kwenye beseni la kufulia au bado inaogelea. Simu ya hapa bwenini ni ya matroni, na matroni akikuazima simu anakuazima na masikio yake pia, kwa hiyo nimeona heri kalamu. Vipi yule kuku wako jeuri? Paa limezibwa?

Baada ya hayo, ule mpango wa kazi za likizo niliokuambia umeanza. Mwalimu alibandika majina ubaoni, kila mwanafunzi na biashara ya hapa mjini iliyokubali kumchukua na kumlipa kila Ijumaa. Unajua mimi niliomba duka la dawa. Duka la dawa kapewa jirani yangu wa kitandani, ambaye akiona damu ya mbu anazimia. Mimi nimepangiwa kwa mshona viatu.

Nilinuna, sikufichi. Lakini mwalimu akasema huyo fundi aliniomba mimi hasa. Yaani si mimi kwa jina, ila alitaka msichana, wa kidato cha tatu, asiwe mrefu sana. Mwalimu anadhani ni kwa ajili ya wateja wanawake. Sasa nina siku kadhaa hapa na mteja mwanamke nimemwona mmoja tu, alikuja kutafuta choo.

Duka ni chumba kirefu, mlango mbele, mlango nyuma, na harufu ya gundi inayokuganda kooni. Ukuta mzima umetundikwa miguu ya mbao ya kushonea, Fundi anaiita kalibu. Kila mteja wa siku nyingi ana jozi yake na jina lake kwenye kipande cha ngozi. Ukiingia asubuhi kabla taa haijawashwa unaona kama watu wamepanda ukutani wakabaki nyayo tu. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Duka, anapokea wateja na kupiga viatu rangi. Ni mpole, lakini akikuangalia anakuangalia mpaka unajishika kifungo kuona kama kimefunguka.

Fundi yeye haangalii mtu usoni. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia akiwa ameinamia miguu yangu.

"Vua," akasema.

Nikavua. Ile pamba ninayojazia mbele ikaanguka sakafuni, na aibu yangu ikaangukia pale pale. Akakigeuza kiatu, akapitisha kidole kwenye kisigino.

"Hivi viatu vya nani?"

"Vyangu, Fundi."

"Sijauliza nani amevivaa. Huyu aliyevivaa mwanzo alikuwa anakanyagia nje. Wewe unakanyagia ndani."

Nikamwambia uliniletea wewe, vilikuwa vikubwa kidogo, ulisema nitavijaza. Alinirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya watu.

Kuna rafu nyuma ya pazia yenye viatu vya kike, vimepangwa kuanzia vidogo mpaka vikubwa. Vyote vipya. Nimeambiwa nisiviguse, Mama Duka anavifuta vumbi mwenyewe.

Nisalimie jirani zetu. Mwanao,
Kengele

*

19 Juni

Kengele wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mia. Barua yako ilifika ikiwa imelowa upande mmoja, nikaianika kwenye kamba pamoja na soksi. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini magoti yangu yalizaliwa na tabia hiyo. Paa bado. Fundi wa bati amekula nauli yangu mara mbili, safari ya tatu nitampandia mimi mwenyewe kichwani. Kuku ametaga kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa, nimeshona sare wiki nzima nikimzunguka kama bibi harusi.

Nimefurahi umepata kazi. Usidharau. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe jembe umepewa siku ya kwanza, ina maana wamekuona mtu. Salimia kabla hujasalimiwa, fagia kabla hujatumwa. Mshahara wa Ijumaa usiumalize Jumamosi.

Huyo fundi mwambie viatu ni vyako. Nilikununulia dukani, vikiwa vipya, kwenye boksi. Watu wa kazi moja wakikaa nayo sana wanaanza kuona visivyokuwepo. Mimi mwenyewe siku hizi nikimwona mtu barabarani namwona pindo tu. Pamba ongeza, iliyopo itakuwa imesagika.

Nakutumia gauni kwa dereva wa basi. Lile la bluu lenye ukosi mweupe. Nimefumua pindo, nikalifua, limenyooka. Lilikuwa karibu na chini kabisa ya sanduku. Sanduku lenyewe linaishaisha sasa, nikiingiza mkono nagusa mbao.

Na hiyo rafu ya nyuma ya pazia, wamekuambia usiguse, basi usiguse. Nyumba ya mtu ina pembe zake.

Nimeifuta ile picha sebuleni. Nimeipa salamu zako.

Mama yako Mkubwa

*

2 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Gauni limefika salama. Mabegani limenikaa, kiunoni limebakiza nafasi ya mgeni mmoja. Ahsante sana. Nimelivaa Jumapili, matroni akasema nimekuwa mwanamke, halafu akanituma kuosha sufuria.

Kazi naipenda, nani angedhani. Nimejifunza kupaka uzi nta na kulainisha soli kwa msasa. Vidole vimekuwa vyeusi, bwenini wameanza kuniita Masizi. Fundi hafundishi kwa maneno. Anashona mshono mmoja polepole, anakupa sindano, anaondoka.

Lakini kuna jambo, na sina wa kumwambia ila wewe.

Jumanne mchana duka lilifungwa kwa chakula. Nilikuwa nimesahau mwavuli, nikarudi, nikapitia mlango wa nyuma. Pazia lilikuwa wazi. Mama Duka alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ameitumbukiza ndani ya viatu vya kike, vipya, vya kahawia, mpaka kwenye vifundo. Alikuwa anavitembeza. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kutoka mezani mpaka mlangoni, akavigeuza, akaanza kurudi. Na alikuwa anasema kama unavyomwambia mtoto anayejifunza kusimama: "Taratibu. Taratibu, mama. Nipo."

Nywele zilinisimama. Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Ngozi mpya inauma kisigino," akaniambia. "Lazima mtu aitangulie kuilainisha."

Kisha akaketi hapo hapo chini akanisimulia. Walikuwa na mtoto mmoja, wa kike, ndiyo kwanza alikuwa anashika ukuta na kusimama. Fundi alishamkatia ngozi ya viatu vyake vya kwanza. Lakini kila akitaka kushona anaingia mteja mwenye haraka, basi inakuwa kesho, inakuwa keshokutwa. Mtoto akapata homa. "Tukamzika pekupeku," akasema. "Mtoto wa mshona viatu." Tangu hapo kila mwaka Fundi anamshonea jozi moja, ya umri ambao angekuwa nao. Kipimo anakisia kwa kuangalia miguu ya wasichana wa rika lake wanaopita barabarani. Ndiyo maana usoni haangalii watu, Mama Mkubwa. Yuko kazini.

Na mwaka huu angekuwa rika langu. Kumbe walioniomba shuleni waliomba mguu.

Ijumaa, baada ya kunilipa, Fundi akaviweka vile viatu vya kahawia mbele yangu. "Jaribu tu," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko yeye. Najua utasema ningekataa. Nilivaa. Viliingia kama mkono unavyoingia mfukoni. Nilitembea mpaka mlangoni bila ile pwata-pwata ya kila siku, bila kukunja vidole ili kiatu kisitoke. Sikuwahi kujua kwamba watu wengine wanatembea bila kukumbuka miguu yao. Fundi aligeukia ukuta. Mama Duka akasema neno moja tu: "Anatembea."

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza yule aliye kwenye picha ya sebuleni. Binti yako mlimwita Kengele kwa sababu kicheko chake kilisikika mpaka mtaa wa pili. Changu hakifiki hata mlangoni. Nilikuja kwako nina miaka minne, mama yangu ametoka kuzikwa, sikumbuki sauti yake, sikumbuki hata mkono wake. Lakini lazima aliniita kitu. Kabla sijawa Kengele, Mama aliniitaje?

Mwanao

*

12 Julai

Kengele,

Marahaba. Sisi wazima. Kuku kaangua.

Vua hivyo viatu. Umenisikia? Vua, viweke pale ulipovikuta, na usivivae tena hata kwa mzaha. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, sindano ikanichoma kidole nikatia damu kwenye shati la watu. Huyo mama anahitaji maombi na watu wa kukaa naye, si mtoto wa mwenzake. Kumvalisha mtoto aliye hai vitu vya marehemu ni kumkaribisha marehemu mezani. Leo watakuambia jaribu viatu, kesho watakuambia jaribu kitanda, keshokutwa watakuita kwa jina la huyo mtoto na wewe utaitika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu wako wa mpango akuhamishe, hata kama ni kupima unga dukani.

Mimi kwa upande wangu niko na kazi nyingi, shule zitafunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku moja. Nimewapima watoto wa mtaa mzima. Fundi wa bati alikuja, akapanda, akashuka, akasema anahitaji msumari mrefu zaidi. Basi.

Tafadhali vaa viatu vyako.

Mama yako Mkubwa

*

19 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hongera kwa vifaranga. Pole na kidole.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kitandani na gauni la bluu limetundikwa mbele yangu. Nimeandika majibu, nikachana, nikaandika tena. Haya ndiyo yaliyobaki. Naomba usinione mkosefu wa adabu.

Umesema kumvalisha mtoto aliye hai vitu vya marehemu ni kumkaribisha marehemu mezani. Mimi nyumbani kwako navaa nini?

Nilijua tangu mdogo. Kila mwaka ulifungua sanduku, ukatoa nguo, ukasema umenishonea. Nguo mpya hainuki sanduku, Mama Mkubwa. Nililala kitanda chake. Daftari la kwanza ulilonipa lilikuwa limechanwa kurasa za mbele. Wageni wakiingia sebuleni wanaangalia picha, wananiangalia mimi, wanasema "mmh, amebadilika," na wewe huwasahihishi. Watoto wa mtaani wakanitania kengele isiyolia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi yangu ni pamba.

Sikuwahi kulalamika kwa sababu ulinipenda. Hilo nalijua vizuri, hakuna atakayenidanganya. Ukinifunika blanketi unarudi mara ya pili kuhakikisha. Lakini mara nyingine unaporudi hiyo mara ya pili, sijui unakuja kumwangalia nani.

Mwezi wa nane nitaupita umri wake. Kule mbele hakuna nguo yake hata moja. Naogopa kidogo. Siku sanduku likiisha, nitakuwa nani mle ndani?

Sijahama kazi. Viatu vya kahawia sijavivaa tena, kwa sababu umesema. Jana Mama Duka aliviweka mlangoni, ncha zikiangalia ndani, akanikuta navitazama, akaniambia, "Ili akija asikanyage baridi." Kisha akanikatia papai, akaanza na upande usio na mbegu. Ni watu wema. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Hukunijibu kuhusu Mama.

Mwanao

*

8 Agosti

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kila jioni namuuliza matroni, kila jioni ananiambia hakuna kitu chako. Sasa akiniona nakuja anatikisa kichwa kabla sijafika. Nimemuuliza dereva wa basi, akasema alikuona dukani kwako ukishona, ukampungia mkono. Basi najua u mzima. Najua pia barua ilifika.

Nitakueleza ya huku, ukipenda jibu, usipopenda basi.

Juzi Fundi aliniita, akanionyesha mguu wa mbao aliotumia kushonea vile viatu vya kahawia. Akasema mguu wa msichana unakua mpaka umri kama wangu, halafu unatulia. "Hii ndiyo jozi ya mwisho," akasema. "Mwakani sitakuwa na cha kuongeza." Alisema kawaida tu, kama anayesema gundi imeisha. Lakini nyundo aliishika muda mrefu bila kupiga kitu. Mama Mkubwa, yule mzee anaogopa. Kila mwaka alipoongeza kidogo mbele ya kidole, binti yake alikuwa bado anaenda mahali. Sasa amefika mwisho wa mguu.

Ndipo wakaniambia, wote wawili, wakisaidiana maneno. Kuna chumba cha nyuma. Kina dirisha, kina kitanda, shuka wameshanunua. Nikitaka nihamie likizo ikiisha, nisome nikitokea pale, jioni nijifunze kazi. Viatu navyo vitapata mtu wa kuvivaa.

Nilitamani. Sikufichi. Mahali ambapo kiatu kinaniingia.

Nikawauliza, "Nikija, mtaniitaje?"

Wakaangaliana. Mama Duka akafungua mdomo, na jina lililotoka lilikuwa dogo, la kubembelezea, jina la mtoto anayeshika ukuta. Alilisema kwa furaha. Mimi nikajikuta nimeshaanza kuitika.

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimwomba Fundi kitu kimoja: anichoree mguu wangu, kwa ajili yangu. Wateja wote anawachora. Unasimama pekupeku kwenye karatasi ngumu, uzito wote, anauzungusha mguu kwa penseli, halafu anachonga mbao kufuata mstari. Akanichora. Penseli ilinitekenya, nikacheka, hata yeye akatabasamu. Alipomaliza akaandaa kile kipande cha ngozi cha jina, akauliza, "Niandike nani?"

Nilisimama pale kwenye karatasi kama mwizi aliyekamatwa na miguu yake mwenyewe. Fundi akasema kalibu isiyo na jina haitundikwi, itachanganyika na za watu. Ananisubiri. Likizo inaisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na majibu ya chumba wanayataka kabla ya hapo.

Nimekuwekea nakala ya ule mchoro humu ndani. Ni mguu wa kulia. Huo ni wangu, Mama Mkubwa. Huo mmoja nina hakika nao.

Mama aliniitaje?

*

20 Agosti

Kwa mtoto wa mdogo wangu,

Salamu zako nimezipokea zote, na zile ambazo hukuandika. Mimi ni mzima wa mwili. Paa limezibwa. Sasa nyumba haina kelele ya matone na nimegundua nilikuwa nayategemea, maana nyumba isiyovuja unasikia kila kitu.

Sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa naficha barua yako chini ya cherehani, nikikanyaga pedali naisikia inakwaruza.

Karatasi yako niliifungua nikaiweka mezani. Nikaenda chumbani nikachukua viatu vya ndani vya binti yangu, vile vya kitambaa, havijavaliwa na mtu tangu aondoke. Nikaweka kimoja juu ya mguu wako. Mstari wa penseli ulipotea wote. Mbele palibaki vidole vyangu viwili vizima, na ubavuni pia. Nikakaa chini. Miaka yote hiyo mtoto anatembea akielea, na mimi naongeza pamba.

Nina futi shingoni kutoka asubuhi mpaka usiku. Nimempima mtoto wa kila mtu. Nimempima mke wa diwani, nimempima kichaa wa sokoni ili apate suruali. Wewe sijakupima hata siku moja. Nilikuwa natoa gauni sandukuni, nakuangalia kwa mbali, napunguza. Nilipima kwa kumkumbuka yeye alivyokuwa mdogo. Ningekugusa na futi, namba zingekuwa zako.

Hivyo viatu sikuvinunua kwenye boksi. Alivivaa kwenda hospitali, kwa miguu yake, akiwa anacheka na kondakta. Nilirudi navyo nimevishika mkononi. Mdogo wangu, mama yako, alikuwa amekufa miezi michache kabla. Mwaka ule ulinichukulia wawili ukaniachia mmoja, mdogo, mkimya, umekaa kizingitini hutaki kuingia. Nikikuita kwa jina alilokuita mama yako, nilikuwa namsikia yeye akiniitikia kutoka jikoni. Na jina la binti yangu lilikuwa limejaa mdomoni, halina wa kumwita. Nikakupa. Siku ile uliitika. Mwanangu, uliitika upesi sana, ulikuwa na njaa ya kuitwa. Na mimi nikashukuru, nikafunga mlango.

Ulipouliza jina lako mara ya kwanza nililiruka swali. Mara ya pili nikanyamaza. Hukukosa adabu.

Mama yako alikuita Punje. Ulizaliwa kabla ya wakati, ukiwa mdogo hivi, nesi akasema huyu ni punje tu. Mama yako akamjibu, "Punje ndiyo inayoota." Alikuwa anakuita hivyo mlangoni, kwa sauti ya kuvuta mwisho, Punjeee, na ulikuwa unatoka mbio popote ulipo, pekupeku, na vile vimiguu. Ndiyo. Vilikuwa vidogo tangu mwanzo, na nilikuwa najua.

Hao wazee wa duka nimewatukana moyoni, Mungu anisamehe, kumbe nilikuwa najitazama kwenye kioo. Wape salamu zangu. Kuhusu chumba, sitakwambia kaa, sitakwambia rudi. Kazi ni nzuri na umri wa kuamua unao. Ila nimenunua kitambaa. Cha kijani, dukani, mita nilizokisia, nacho kimekunjwa mezani hakijakatwa. Siwezi kukikata, sina vipimo vya mtu.

Sanduku limeisha. Nimelifunga.

Njoo nikupime, Punje.

Mama yako Mkubwa

*

29 Agosti

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nyuma ya bweni, karibu na matangi, mahali ambapo hakuna anayepita. Nililisema lile jina kwa sauti. Hakuna kilichonijia, wala sura, wala harufu. Nikalisema tena nikivuta mwisho kama ulivyoandika, na magoti yangu yakajikunja kidogo, kama ya mtu anayetaka kukimbia. Nikalia, nakwambia bila aibu, na hicho kilio bila shaka kilifika mtaa wa pili.

Nilimwambia Fundi aandike Punje. Mama Duka akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaenda nyuma ya pazia akakaa huko, na nilipotaka kumfuata Fundi akanizuia kwa mkono.

Chumba nimekikataa. Niliwaambia nitakuja kila likizo wakinitaka, nitafanya kazi, nitakula nao, lakini sitalala pale. Mama Duka aliuliza kama ni shuka hazikunipendeza. Hilo ndilo lililoniumiza.

Lakini sikuwaacha hivyo hivyo. Nilimuuliza Fundi ile ngozi ya kwanza iko wapi, ile aliyoikata akawa anasema kesho. Nilidhani atanifukuza. Akafungua droo ya chini kabisa, akaitoa, imekauka na kukunjamana. Tukailowesha, tukaipaka mafuta, akatafuta uzi mwembamba. Kulia alishona yeye, kushoto akaniachia mimi. Vinakaa viwili kwenye kiganja kimoja. Wateja waligonga, Mama Duka akawaambia duka limefungwa, warudi kesho. Sasa vipo mwanzoni mwa rafu, palipokuwa wazi siku zote. Vile vya kahawia vipo mwishoni. Jana mchana nilipita dirishani, Mama Duka alikuwa ameketi kwenye kiti anakula, mikono yake iko kwenye sahani.

Kalibu yangu imetundikwa ukuta wa mbele, pamoja na za wateja. Viatu vyangu, alivyonishonea Fundi juu ya kalibu hiyo, ni vyeusi, vya shule, vya kamba. Vinanibana kidogo kisigino. Fundi anasema nitavilainisha mwenyewe.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Andaa futi. Na ukinifunika usiku, rudi tu ile mara ya pili.

Viatu vya Kengele nakuletea. Nimevipiga rangi, nimevifunga kamba. Pamba nimeitoa.

Punje